Bei ya Mchezo na Mzigo wa Hasara: Historia ya Michezo ya Video ya Gharama Kubwa, 1982–2025

Utangulizi

Mwezi Juni 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza nchini Marekani mchezo wa Mario Kart World kwa dola 80. Miaka mitano kabla ya hapo, kampuni kubwa za tasnia hiyo zilikuwa zimeanza kupandisha bei ya kawaida ya mchezo mpya kutoka dola 60 hadi dola 70, na dola 60 yenyewe ilikuwa imedumu tangu mwaka 2005. Kila bei ilipopanda wanunuzi walilalamika, na wauzaji wakajibu kwa hoja ileile: gharama za utengenezaji zimekuwa kubwa mno kiasi kwamba bei ya zamani haiwezi kuzibeba.

Makala hii haikusudii kuamua iwapo dola 80 ni bei ya haki. Inauliza swali ambalo mjadala wa bei umelifunika: mchezo uliogharimu fedha nyingi unaposhindwa sokoni, nani hulipa? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba historia ya bei ya michezo ya video haieleweki bila kuitazama pamoja na historia ya kuhamisha hasara. Katika vipindi tofauti hasara hiyo imetua mikononi mwa wenye maduka, waombaji wa leseni, wanahisa, walipakodi, wafanyakazi na wanunuzi. Bei inayoandikwa kwenye kasha imebadilika kidogo na kwa kuchelewa. Kilichobadilika sana ni orodha ya watu wanaobaki na deni.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Studio ni kundi la wabunifu, wachoraji na waandishi wa programu wanaoutengeneza mchezo. Mchapishaji ni kampuni inayogharimia kazi hiyo, kuitangaza na kuisambaza. Wakati mwingine wawili hawa huwa kampuni moja, lakini mara nyingi huwa wawili, na mkataba kati yao ndio unaoamua nani ataumia kwanza.

Kaseti zilizozikwa New Mexico

Mwaka 1982 Atari, iliyokuwa mali ya Warner Communications, ndiyo iliyotawala soko la michezo ya nyumbani nchini Marekani. Michezo yake iliuzwa katika kaseti za plastiki zenye kumbukumbu ndani yake. Kuandika mchezo mmoja wakati huo kulihitaji mtu mmoja na miezi michache, kwa hiyo gharama ya ubunifu ilikuwa ndogo. Fedha nyingi zilikwenda kwenye mambo mawili: kununua haki ya kutumia jina maarufu, na kutengeneza kaseti zenyewe kabla ya kujua ni ngapi zitanunuliwa.

Mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya Steven Spielberg, unaonyesha hali hiyo vizuri. Makubaliano ya haki yalifikiwa mwezi Julai 1982, na Atari ilitaka mchezo uwe madukani kabla ya Krismasi. Mbunifu wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takriban wiki tano. Haki za jina zinakadiriwa kuigharimu Atari zaidi ya dola milioni 20, na kaseti zilizotengenezwa zilifikia takriban milioni 4. Nyingi hazikuuzwa, na nyingine zilirudishwa. Kabla ya hapo, katika mwaka huohuo, Atari ilikuwa imetengeneza kaseti za Pac-Man kwa mamilioni kuliko idadi iliyoweza kuuzwa. Tarehe 7 Desemba 1982 Warner ilitangaza kwamba faida ingekuwa chini ya matarajio, na bei ya hisa zake ikaporomoka. Septemba 1983 shehena za bidhaa za Atari zilipelekwa kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico, zikazikwa. Uchimbuaji wa Aprili 2014 ulithibitisha kwamba kaseti za E.T. zilikuwa miongoni mwao, ingawa zilichanganyika na michezo mingine mingi.

Masimulizi ya kawaida humlaumu Warshaw na mchezo wake. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Mchezo mbaya peke yake hauwezi kuangusha soko zima. Kilicholiangusha ni wingi wa bidhaa ambazo tayari zilikuwa zimelipiwa. Tangu mwaka 1979, wafanyakazi wa Atari walipoondoka na kuanzisha Activision, ilidhihirika kwamba kampuni yoyote ingeweza kutengeneza kaseti za mashine ya Atari bila kuomba ruhusa. Nyingi zilifanya hivyo. Zilipoanza kufa, kaseti zao zilitupwa sokoni kwa dola 5 au chini ya hapo, kando ya kaseti mpya za dola 30 na zaidi. Mwenye duka alijikuta na rafu zilizojaa, na wasambazaji ambao angewarudishia bidhaa walikuwa wamefunga milango. Hasara ya kwanza kubwa ya tasnia hii, basi, ilikuwa hasara ya ghala, na sehemu yake kubwa iliwaangukia wauzaji wa rejareja.

Somo ambalo Nintendo ililipata

Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985, wenye maduka hawakutaka kusikia neno mchezo wa video. Kampuni hiyo iliijibu hofu yao kwa mfumo ambao athari zake zipo hadi leo. Iliweka ndani ya mashine yake kipande cha kielektroniki kilichokataa kaseti yoyote isiyoidhinishwa. Mchapishaji aliyetaka leseni aliruhusiwa kutoa michezo isiyozidi mitano kwa mwaka (Konami ilikwepa sharti hilo kwa kuanzisha jina la pili, Ultra Games). La muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba kaseti zote zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, na mchapishaji alizilipia mapema.

Hapo mzigo ulihama. Kaseti ambazo hazikuuzwa sasa zilikuwa hasara ya mchapishaji aliyekwisha kuzilipia, ilhali Nintendo ilikuwa imepokea fedha zake hata kabla ya mteja wa kwanza kuingia dukani. Mfumo huo ndio unaoeleza kwa nini bei za miaka ya 1990 zilikuwa juu kuliko wengi wanavyokumbuka: kaseti ilikuwa ghali kuitengeneza, na kadiri kumbukumbu yake ilivyokuwa kubwa ndivyo bei ilivyopanda. Michezo ya mashine za Super Nintendo na Nintendo 64 iliuzwa Marekani kwa kati ya dola 50 na 80. Ukizingatia mfumuko wa bei, dola 50 za mwaka 1990 ni sawa na takriban dola 100 za mwaka 2020. Anayedai kwamba michezo haijawahi kuwa ghali kama leo anasahau jambo hili. Lakini anayelitumia kuthibitisha kwamba michezo ya leo ni rahisi naye anasahau jambo jingine, kwamba sehemu kubwa ya bei ile ililipia plastiki na kumbukumbu.

Diski, na gharama zilizohamia kwa watu

PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1994 na Marekani mwaka 1995, ilitumia diski. Kuichapa diski kulikuwa rahisi sana kuliko kutengeneza kaseti, na oda mpya iliweza kutimizwa kwa siku chache badala ya wiki nyingi. Mchapishaji hakulazimika tena kubahatisha mamilioni ya kaseti mapema. Kwa mtazamo wa ghala, hatari iliyoiangusha Atari ilikuwa imekaribia kutoweka.

Haikutoweka, ilibadilisha makazi. Diski ilibeba data nyingi mara kadhaa kuliko kaseti, na nafasi hiyo ilitaka kujazwa kwa picha, sauti na filamu fupi, ambazo hutengenezwa na watu. Final Fantasy VII ya kampuni ya Square, iliyotoka mwaka 1997 katika diski tatu, ilitengenezwa na zaidi ya watu 100, na gharama yake inatajwa kuwa zaidi ya dola milioni 40. Ilifanikiwa sana. Mafanikio hayo yaliishawishi Square kwamba kipaji chake kilikuwa katika picha, ikaingia kwenye filamu. Mwaka 2001 filamu yake ya Final Fantasy: The Spirits Within, iliyogharimu takriban dola milioni 137, ilikusanya dola milioni 85 tu duniani kote. Aprili 2003 Square iliungana na mshindani wake wa zamani, Enix.

Sega nayo ilitoa Shenmue mwaka 1999 kwa ajili ya mashine yake ya Dreamcast. Makadirio ya gharama yake huanzia dola milioni 47 na kupanda hadi dola milioni 70. Hata tukichukua kiasi cha chini, mchezo huo uliwekwa kwenye mashine ambayo duniani kote iliuzwa kwa idadi isiyozidi takriban milioni 10, na wenye mashine wote hawanunui mchezo uleule. Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza mashine. Haitakuwa sahihi kusema kwamba Shenmue ndiyo iliyoiua Dreamcast, kwa kuwa Sega ilikuwa na madeni ya miaka mingi. Mchezo huo, hata hivyo, unaonyesha umbo jipya la hatari. Hapakuwa na kitu cha kuzika jangwani. Fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa kama mishahara, na mshahara uliolipwa haurudishwi.

Ni vyema kueleza hesabu inayoendesha mambo haya, maana ni sahili kuliko inavyodhaniwa. Gharama ya mchezo mkubwa ni idadi ya watu ikizidishwa kwa muda. Watu wa tasnia wamezoea kukadiria dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, kiasi kinachojumuisha mshahara, bima, ofisi na vifaa, na siku hizi katika miji ghali ya Marekani hata kiasi hicho ni kidogo. Studio yenye watu 200 kwa makadirio hayo hutumia dola milioni 2 kila mwezi, au dola milioni 24 kwa mwaka. Mchezo ukichelewa mwaka mmoja, dola milioni 24 huongezeka bila mchezaji kuona kitu kipya.

Rhode Island: mlipakodi anaingia mezani

Hakuna tukio linaloonyesha uhamishaji wa hasara waziwazi kama lile la kampuni ya 38 Studios. Linastahili kuchunguzwa kwa kina, kwani nyaraka zake ziliwekwa hadharani kupitia mahakama na taasisi za umma, jambo ambalo ni nadra katika tasnia inayoficha hesabu zake.

Kampuni hiyo ilianzishwa Massachusetts mwaka 2006 na Curt Schilling, mchezaji mashuhuri wa besiboli aliyevaa jezi namba 38. Lengo lake lilikuwa kutengeneza mchezo mkubwa wa mtandaoni, uliopewa jina la muda la Copernicus, ambamo maelfu ya watu wangecheza kwa pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni. Michezo ya namna hiyo ni miongoni mwa ile iliyo ghali kuliko yote, kwa sababu ulimwengu wote hauna budi kuwapo kabla ya mchezaji wa kwanza kuingia. Schilling aliweka fedha zake nyingi binafsi, lakini wawekezaji wengine hawakujitokeza kwa kiasi alichohitaji.

Jimbo la Rhode Island, ambalo wakati huo lilikuwa na kiwango kikubwa cha ukosefu wa ajira, lilijitokeza. Mwaka 2010, katika utawala wa Gavana Donald Carcieri, shirika la maendeleo ya uchumi la jimbo liliidhinisha mkopo uliotokana na hati fungani za dola milioni 75. Sharti lilikuwa kwamba kampuni ihamie Providence na kuleta ajira 450. Hati zenyewe zilikuwa za wajibu wa kimaadili, yaani sheria haikulilazimisha jimbo kuzilipa endapo kampuni ingeshindwa, bali bunge la jimbo lilitarajiwa kufanya hivyo ili kulinda sifa yake mbele ya wakopeshaji. Kwa lugha nyepesi, mlipakodi aliwekwa kuwa mdhamini bila kuitwa mdhamini.

Kasoro kubwa ilikuwa katika hesabu. Mwaka 2016 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana ililishtaki shirika hilo la jimbo pamoja na benki ya Wells Fargo. Tume ilidai kwamba kampuni ilikuwa imesema inahitaji angalau dola milioni 75 kuumaliza mchezo wake, ilhali baada ya kutoa akiba, riba na ada, kiasi kilichoifikia kilikuwa takriban dola milioni 50. Walionunua hati fungani hawakuelezwa kuhusu pengo hilo. Kwa maneno mengine, mradi ulianza ukiwa na upungufu wa theluthi moja ya gharama zake, na waliouandaa walikuwa na namba hizo mkononi. Mtu akijenga nyumba kwa fedha za kuishia kwenye linta, haihitaji kimbunga ili abaki bila paa.

Februari 2012 kampuni ilitoa mchezo mwingine, Kingdoms of Amalur: Reckoning, uliotengenezwa hasa na studio ya Maryland ambayo 38 Studios ilikuwa imeinunua, na kuchapishwa na Electronic Arts. Katika siku 90 za mwanzo uliuza zaidi ya nakala milioni 1.2. Kwa mchezo wenye jina jipya kabisa, hayo yalikuwa matokeo mazuri. Lakini Gavana mpya, Lincoln Chafee, alieleza hadharani kwamba zilihitajika takriban nakala milioni 3 ili gharama zirudi. Mei 1, 2012 kampuni ilishindwa kulipa zaidi ya dola milioni 1.1 ilizodaiwa na jimbo. Katikati ya mwezi wafanyakazi hawakupata mishahara. Tarehe 24 Mei wote, karibu 400 katika ofisi mbili, waliachishwa kazi, na Juni 7 kampuni iliomba kufilisiwa. Baadhi ya waliohama kutoka Massachusetts waligundua kwamba nyumba zao za zamani, ambazo kampuni iliahidi kuzishughulikia, bado zilikuwa kwa majina yao na mikopo yake ikiwadai. Mchezo wa Copernicus haukutoka kamwe.

Jimbo lilifungua kesi Novemba 2012 dhidi ya Schilling, baadhi ya maofisa wake, mabenki na washauri. Kwa miaka iliyofuata lilirejesha takriban dola milioni 61 kupitia masuluhisho nje ya hukumu, huku deni lote pamoja na riba likifikia karibu dola milioni 89. Uchunguzi wa jinai ulikwisha mwaka 2016 bila mtu kushtakiwa. Tofauti kati ya kiasi hicho na kilichorejeshwa ilitoka katika bajeti ya jimbo lenye watu takriban milioni moja tu, ambao wengi wao hawakuwa na habari yoyote kuhusu michezo ya mtandaoni.

Yapo maelezo yanayolifanya tukio hili kuwa la pekee: umaarufu wa Schilling, uzembe wa maofisa, siasa za uchaguzi. Yote yana ukweli. Hata hivyo, muundo wake si wa pekee. Mchezo uliouza zaidi ya nakala milioni moja ulihesabiwa kuwa pungufu kwa sababu gharama zilikuwa zimepangwa kwa matarajio makubwa zaidi, na waliopanga hawakuwa wale waliolipa.

Mafanikio yanayohesabiwa kuwa hasara

Mwaka mmoja tu baadaye, Machi 2013, Square Enix ilitangaza kwamba Tomb Raider mpya ilikuwa imeuza nakala milioni 3.4 katika wiki zisizozidi nne, na kwamba matokeo hayo yalikuwa chini ya matarajio. Rais wa kampuni, Yoichi Wada, aliachia ngazi. Miaka kumi mapema nakala milioni 3.4 zingekuwa sherehe.

Sababu iko katika bei iliyokaa pale ilipokuwa. Kati ya mwaka 2005 na 2020 bei ya kawaida Marekani ilibaki dola 60, ilhali mfumuko wa bei ulikuwa umezifanya dola 60 za mwanzo kuwa sawa na karibu dola 80. Katika muda huohuo bajeti zilipanda mara kadhaa. Taarifa ya mamlaka ya ushindani ya Uingereza ya mwaka 2023, iliyochunguza ununuzi wa Activision Blizzard na Microsoft, ilieleza kwamba wachapishaji walikuwa wakiidhinisha michezo ya kutoka 2024 na 2025 kwa bajeti za dola milioni 200 au zaidi. Mwaka huohuo nyaraka za Sony zilizowasilishwa mahakamani Marekani, zikiwa zimefutwa kwa kalamu ya wino ambayo haikuficha vya kutosha, zilifichua kwamba The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220 na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Pengo kati ya bei tulivu na gharama zinazokua lilizibwa kwa njia moja kuu, yaani kudai wanunuzi wengi zaidi kwa kila mchezo. Michezo ikapungua idadi, na kila mmoja ukabeba uzito wa kampuni nzima.

Tufanye hesabu ya mfano, ambayo si ya mchezo wowote halisi. Mchezo uliogharimu dola milioni 200, bila matangazo, unauzwa kwa dola 70. Duka la mtandaoni kwa kawaida huchukua asilimia 30, kwa hiyo mchapishaji hupata dola 49, na atahitaji kuuza takriban nakala milioni 4.1 kwa bei kamili. Bei ikipanda hadi dola 80 atapata dola 56, na nakala zinazohitajika zitashuka hadi milioni 3.6 hivi. Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini bajeti ikiongezeka kwa asilimia 15 tu, kufikia dola milioni 230, mchapishaji amerudi kwenye nakala milioni 4.1. Tumeshaona kwamba kwa studio ya watu 200, mwaka mmoja na robo wa kuchelewa unatosha kuila nafuu yote. Bei hupanda kwa dola 10 kila baada ya miaka kadhaa, ilhali ratiba huteleza kila siku.

Aidha, bei ya nakala si lazima iwe bei ya kucheza. Katika kumbi za Marekani za miaka ya 1970 na 1980 mchezaji alitumbukiza sarafu ya senti 25 na mwenye ukumbi ndiye aliyenunua mashine. Mabanda ya gemu ya Dar es Salaam na Nairobi yanafuata mantiki ileile hadi leo: kijana hulipia mechi au muda, na mwenye banda ndiye anayekutana na bei ya diski, akiigawanya kwa mamia ya mechi. Katika mazingira hayo nyongeza ya dola 10 humgonga kwanza mfanyabiashara mdogo ambaye hana nafasi yoyote katika mjadala unaoendelea Marekani na Ulaya.

Mnunuzi na mfanyakazi

Baada ya mwaka 2005 intaneti iliwapa wachapishaji njia nyingine. Mchezo uliweza kuuzwa kwa vipande (mfano unaotajwa daima ni vazi la vita la farasi katika Oblivion, lililouzwa dola 2.50 mwaka 2006), na uliweza kutolewa ukiwa haujakamilika kisha ukarekebishwa. Njia hii ya pili ilimfanya mnunuzi wa siku ya kwanza abebe sehemu ya hatari. CD Projekt ya Poland ilitoa Cyberpunk 2077 Desemba 10, 2020 baada ya kuahirisha mara kadhaa. Kwenye mashine za kizazi cha zamani ulikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa dukani kwake baada ya wiki moja na kutangaza kurudisha fedha, na haukurejeshwa hadi Juni 2021. Hata hivyo, uliuza nakala milioni 13.7 kabla ya mwaka kwisha. Ulirekebishwa kwa miaka, na leo husifiwa. Walionunua mapema walilipa bei kubwa kuliko waliofuata, wakapata mchezo duni kuliko wao.

Concord ya Sony ilifuata njia tofauti. Ilitoka Agosti 23, 2024 kwa dola 40, chini ya bei ya kawaida, na ikafungwa Septemba 6, yaani wiki mbili baadaye. Wanunuzi walirudishiwa fedha. Oktoba studio iliyoitengeneza, Firewalk, nayo ilifungwa. Hapa mnunuzi hakupoteza kitu, wala bei haikuwa kikwazo kikuu, kwani soko la michezo ya aina hiyo lilikuwa limejaa michezo ya bure. Waliolipa ni wafanyakazi.

Hao ndio wamekuwa wapokeaji wakuu wa hasara katika miaka ya hivi karibuni. Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha michezo Januari 2024, miezi mitatu tu baada ya kukamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69. Sony ilifuata mwezi uliofuata kwa watu 900. Embracer ya Sweden, iliyonunua studio kwa wingi wakati mikopo ilipokuwa rahisi, ilianza kuzifunga na kuziuza mwaka 2023 baada ya mkataba wa dola bilioni 2 kuvunjika. Miongoni mwa zilizofungwa ni Volition, iliyokuwapo tangu mwaka 1993. Wafanyakazi hao hawakuchagua bajeti wala tarehe ya kutoka.

Ni haki kutaja mfano wa upande wa pili. Aprili 2025 studio ndogo ya Sandfall Interactive ya Montpellier, Ufaransa, yenye kiini cha watu wapatao 30 pamoja na wasaidizi wa nje, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33 kwa dola 50, na ikauza nakala milioni 3.3 katika siku 33. Idadi hiyo inakaribiana na ile iliyomwondoa Wada madarakani. Tofauti haikuwa kwenye wanunuzi. Hata hivyo, mwandishi wa makala hii anasita kuufanya mfano huo kuwa kanuni, kwa kuwa kila mwaka studio ndogo nyingi hutoa michezo isiyonunuliwa, na hazina mtu wa kuziandikia historia.

Microsoft ilitangaza Mei 2025 kwamba baadhi ya michezo yake ingeuzwa kwa dola 80, kisha Julai ikarudi nyuma na kuipangia The Outer Worlds 2 dola 70. Hatua hiyo inaonyesha kwamba bei ina dari ambayo wachapishaji wenyewe hawana hakika iko wapi. Fedha zikikosekana kwenye bei, hutafutwa kwingine. Septemba 29, 2025 Electronic Arts, kampuni ileile iliyochapisha Kingdoms of Amalur, ilitangaza makubaliano ya kununuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa umma wa Saudi Arabia. Wanahisa waliahidiwa dola 210 kwa kila hisa. Kati ya fedha hizo, dola bilioni 20 ni za mkopo, na katika ununuzi wa namna hii mkopo kwa kawaida huwa deni la kampuni iliyonunuliwa. Riba yake italazimika kutoka katika michezo ambayo haijatengenezwa bado.